Kodi ya F kwenye gitaa inanitoa jasho, mkono wa kushoto unakaza mpaka kifundo kinauma

Kwaya_Chumbageni:
Habari zenu wadau. Niko Tanga mjini, napiga gitaa kwenye kwaya yetu. Kodi za wazi sina shida nazo, C, G, D, Em nabadilisha huku naimba. Balaa linaanza ikija F au Bm, nikilaza kidole cha shahada nyuzi zote sita basi mbili tatu zinakufa kabisa, zinatoa tk tk, na zikilia ujue nimekaba kwa nguvu zangu zote, tukifika ubeti wa pili kiganja kimeshakaza na maumivu yanatoka chini ya gumba yanapanda hadi kwenye kifundo. Gitaa ni akustiki la nyuzi za chuma nilinunua mkononi kwa mtu. Mwalimu anasema nitazoea tu niongeze nguvu za vidole, nimenunua hadi kile kidude cha springi cha kubinya, sioni tofauti. Je ni mkono wangu mdogo au kuna namna? Nisiambiwe "fanya mazoezi" jamani, mazoezi nafanya.

Solo Ngamiani:
Mkuu pole. Hicho kidude kiweke kabatini. Mji huu umetoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, sidhani kama kuna mpiga solo alikuwa anabinya springi.

Sikiliza, kwenye F kidole cha shahada hakina kazi ya kukaba nyuzi sita. Hesabu mwenyewe, ule mnene kabisa ndo wa sita: uzi wa tano na wa nne umeshawekea kidole cha pete na kile kidogo freti ya 3 (nafasi ya tatu kati ya vile vyuma vya shingoni), wa tatu umekabwa na cha kati freti ya 2, sasa shahada imebakiwa na nini? Wa sita, wa pili na wa kwanza, basi. Hapo katikati hata kikilegea hakuna atakayejua. Wewe unabinya kote kote ndo maana unachoka. Afu usikilaze kwa tumbo, kwa tumbo kuna mikunjo ya viungo na uzi unaingia mle unakufa, kigeuze kidogo kilalie ubavu wa upande wa gumba, kule kuna mfupa. Na kikae karibu kabisa na chuma cha freti bila kukipanda.

Usianzie freti ya 1, ndo pagumu kuliko pote. Shika umbo lilelile freti ya 5 (hapo inakuwa A), ikilia safi shuka ya 4, ya 3, hivyo hivyo hadi chini.

pwani_strings:
Mi natumia gumba. Naipitisha juu ya shingo inakaba uzi wa sita, shahada inabaki na nyuzi mbili za chini tu. Jimi Hendrix alikuwa anapiga hivyo na hakuna aliyemwambia anakosea

Solo Ngamiani:
Hendrix alikuwa na vidole virefu bwana, we umeshaambiwa mkono mdogo. Gumba ikae nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati, kifundo kisivunjike sana. Na nguvu isitoke kwenye gumba, vuta mkono wote nyuma kidogo kutoka kwenye kiwiko, mkono wa kulia nao unalizuia gitaa kifuani.

Kwaya_Chumbageni:
Shikamoo mzee wangu, asante sana. Mi ni dada lakini sio mkuu hahaha. Freti ya 5 imelia!! Hata ya 3 inalia. Ila nikifika ya 1 ni kama nakaba waya wa umeme, yan tofauti ni kubwa mno

Solo Ngamiani:
Marahaba mwanangu, nisamehe.

fundi_nyuzi:
Dada hapo kwenye tofauti ndo nilikuwa napasubiri. Kama ya 3 inalia na ya 1 hailii, mkono wako mzima, mgonjwa ni gitaa. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 3, afu chungulia juu ya freti ya 1, uwazi kati ya uzi na chuma unatakiwa uwe mdogo kama unene wa karatasi. Rudia kila uzi. Ukiona pana basi nati, kile kipande cheupe kule kichwani, mifereji yake haijachimbwa vya kutosha, magitaa ya bei nafuu mengi yanatoka dukani hivyo. Na nyuzi ukute ni za unene namba 12, funga namba 10 ambazo ni nyembamba, utaona mkono unapumua. Ukimaliza kupiga futa kwa kitambaa kikavu, hewa yetu hii ya chumvi uzi unashika kutu upesi na ukiwa na kutu unakwaruza kidole.

Udi wa Bagamoyo:
Napita tu, mi ni mpiga udi, kwetu freti hakuna, ukiweka kidole nje kidogo sauti inakuumbua mbele za watu. Lakini kuhusu kukaba nguvu: gusa uzi bila kubonyeza, piga, utakuwa umekufa. Ongeza kidogo, piga. Ongeza tena. Pale unapolia safi simama, hiyo ndo nguvu unayohitaji na utashangaa ilivyo ndogo. Fanya kidole kimoja kimoja, polepole. Ncha za vidole kuuma ni kawaida, sugu zitakuja, ila kifundo kikiuma au vidole vikifa ganzi weka gitaa chini, usijifanye shujaa.

Kwaya_Chumbageni:
Nimechungulia, karatasi gani, hapo inapita kadi ya benki! Niichonge mwenyewe na kile kimsumeno cha chuma?

fundi_nyuzi:
Usiguse!! Ukipitiliza kidogo tu uzi wa wazi utakwaruza freti ya 1 na nati ndo imeisha, peleka kwa anayejua. Kwa misa ya Jumapili legeza nyuzi zote zishuke nusu sauti, funga kapo (kile kibanio cha kukaba nyuzi zote) freti ya 1, sauti zinarudi palepale na nati haina kazi tena. Umbo lako la F sasa utalishika freti ya 2

pwani_strings:
Na gumba inafika vizuri tu hapo