Miche ya mtaani imedumaa, maji yanatuama: tuanzie wapi?

Kivulini
Wakuu, mtaa uko pembezoni mwa mji na nyumba zinazidi kuongezeka. Miche ya kando ya barabara imedumaa, na mvua ikinyesha uwanja wa wazi unageuka dimbwi. Kamati inataka kununua miche mingine. Tununue, au kuna la kufanya kwanza?

mpima_ardhi
Msinunue bado. Katika mitaa mipya, mara nyingi matatizo yote mawili yana chanzo kimoja: udongo ulioshindiliwa na magari ya ujenzi. Hakikisheni hivi: chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yakishanyonywa lijazeni tena. Yakiwa bado yamo baada ya saa 24, mizizi nayo haina pa kupita.

Tifueni hadi sentimita 40, kisha changanyeni mboji ya unene wa sentimita 5 hadi 8. Mabomba na nyaya zijulikane zilipo kabla ya kuchimba. Na msiguse udongo ukiwa tope; unashikana zaidi, ukikauka ni tofali.

Shina
Naongezea kwenye miche yenyewe. Chunguza pale shina linapokutana na ardhi. Likizama wima kama nguzo, bila kutanuka, mti umefukiwa kina kupita kiasi. Shimo liwe na upana mara 2 hadi 3 ya bonge la mizizi (mizizi pamoja na udongo wake), lakini kina kisizidi bonge. Mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) ikatwe, la sivyo itakuja kulikaba shina miaka ya mbele. Matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) yawe sentimita 5 hadi 10, yasiguse gome, maana gome linalokaa na unyevu huoza.

Pia msijaze aina moja mtaa mzima. Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, alipendekeza mwaka 1990 aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote. Mdudu mmoja akiingia, hamtabaki bila kivuli.

Kivulini
Asanteni sana. Na dimbwi?

mpima_ardhi
Kama baada ya kutifua shimo la majaribio linakauka ndani ya siku moja, tengenezeni bustani ya mvua: bonde la kina cha sentimita 15 hadi 20, sakafu tambarare, si chini ya mita 3 kutoka msingi wa nyumba. Maji yanapoingilia wekeni mawe yasichimbe korongo, na upande wa pili acheni njia ya kutokea yakizidi. Yaishe ndani ya saa 48, mbu wasipate muda wa kukua. Kama udongo haunyonyi hata baada ya kutifua, msichimbe bonde. Tengenezeni mfereji wa kuyatoa.