Tupeane uzoefu: Mliokwenda Italia, mlikula nini, mlikaa na nani, mliona mila gani?

Mpishi wa Mbeya

Wakuu, habari za jioni.

Nilikwenda Italia mwezi wa kumi kwa siku kumi na mbili. Roma nimeiona, picha ninazo. Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni Jumapili moja huko Bergamo, kaskazini, chini ya milima. Rafiki yangu wa kazini ameoa huko, na mama mkwe wake alinialika chakula cha mchana. Naingia jikoni, nakuta sufuria ya shaba motoni, maji yanachemka, mama anamimina unga wa mahindi wa njano kidogo kidogo huku anakoroga kwa mwiko mrefu. Nilisimama mlangoni nisijue la kusema. Ni bibi yangu yule, ila amebadilishiwa jiko tu.

Wao wanaita polenta. Sisi tunasonga na kuipua, wao wanakoroga moto mdogo dakika arobaini na zaidi, na mama hakutaka kusikia habari ya kuharakisha. Ikiiva inamiminwa juu ya ubao wa mviringo, inatandaa, kisha inakatwa kwa uzi. Tulikula na sungura wa kuchemshwa taratibu kwenye mchuzi wake. Nilimwomba mwiko, akanipa, nikakoroga hadi mwisho.

Mezani babu mmoja hakuigusa kabisa. Nikaelezwa kwamba zamani wakulima wa kaskazini walikula polenta tupu miezi na miezi kwa sababu ya umaskini, wakapata pellagra, ule ugonjwa wa kukosa vitamini iitwayo niasini unaobabua ngozi na hatimaye kuvuruga akili. Kwa wazee kama yeye, polenta inakumbusha njaa. Sikuwa najua hilo, na tangu siku ile ugali wa nyumbani nautazama kwa heshima zaidi.

Sasa nataka kusikia wenzangu. Video mtandaoni zimejaa majengo. Nani alikaa mezani na wenyeji? Nani alikuta sherehe ya mtaa? Mwageni hapa.

Kijana wa Casuarina

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa Malindi, na kwetu Kiitaliano ni lugha ya kazi. Tangu kituo cha roketi cha San Marco kiwekwe pale Ngomeni miaka ya 1960, Waitaliano hawajakoma kuja. Mimi lugha hiyo nilijifunzia jikoni Watamu, nikiosha sahani kwanza, baadaye nikikanda unga wa piza. Miaka tisa nilikanda, nikiamini kazi naijua.

Halafu nikafika Naples. Piza ya Naples inaingia kwenye tanuri la kuni lenye joto karibu digrii 480, na ndani ya dakika moja au moja na nusu imetoka. Ukingo umevimba na una madoa meusi, katikati ni laini kiasi kwamba huwezi kuinua kipande kikabaki kimenyooka. Mitaani wanaikunja mpaka inakuwa robo, wanakula wakitembea. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka ufundi wa wapishi hawa kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nilimtazama mzee mmoja akinyoosha donge kwa viganja bila kugusa kijiti cha kusukumia, nikaelewa kwa nini. Niliporudi Watamu nilianza kuuacha unga ulale muda mrefu, na wageni wameona tofauti.

Jambo lingine la Naples ni kahawa. Unakunywa umesimama kaunta, kikombe kidogo, dakika mbili umemaliza. Ukikaa mezani, mara nyingi bei inapanda. Na kuna desturi wanaita caffè sospeso: unakunywa moja, unalipia mbili, ya pili inamsubiri mtu asiye na uwezo atakayeingia baadaye kuuliza kama ipo. Hamjuani, hamtaonana. Nililipia kila asubuhi niliyokuwa pale.

Bi Mkunazini

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nizungumze na Waislamu wenzangu, maana wengi wanaogopa kwenda kwa sababu ya chakula.

Kariri maneno haya kabla ya safari: maiale ni nguruwe. Prosciutto, pancetta na guanciale zote ni nyama yake. Strutto ni mafuta yake, na huingia hata kwenye mikate na keki. Ule mchuzi wa nyama wa Bologna aghalabu huchanganywa na nguruwe. Ulizia pia pombe kwenye vitamu, hasa tiramisù na babà. Mimi nilikula samaki, mboga, jibini na tambi za nyanya wiki mbili nzima, na sikulala na njaa hata siku moja.

Lakini raha yangu ilikuwa kisiwa cha Sicily. Waarabu waliitawala tangu karne ya 9, na athari yao bado imo kwenye sufuria. Trapani wanapika couscous ya samaki: wanaifikicha kwa mkono na maji kidogo kidogo, wanaipika kwa mvuke, kisha wanamwagia mchuzi. Palermo sokoni Ballarò, wauzaji wanaita wateja kwa sauti ya kuimba kama wako Darajani. Nikanunua panelle, vipande vya unga wa dengu vya kukaangwa vinavyotiwa ndani ya mkate. Nimeng'ata tu, nikasema hizi ni bajia, wallahi! Zafarani nayo huko wanaiita zafferano.

Na jioni, jua likipoa, mji mzima unatoka. Vikongwe wameshikana mikono, watoto wanakimbia, hakuna anayekwenda popote. Wanaita passeggiata. Sisi tunaijua, tunakwenda Forodhani.

Mgeni Njiani

Shukrani wote. Naomba ya vitendo: viza na usafiri?

Kijana wa Casuarina

Ni ya Schengen, viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya, mwisho siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi unaweza kuanza miezi sita kabla. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda, mimi nilitozwa faini kwa kutojua na iliniuma sana. Epuka katikati ya Agosti kama unafuata vyakula vya familia: tarehe 15 ni sikukuu yao ya Ferragosto na wengi wamefunga.

Mwana wa Lamu

Agosti hiyohiyo ndiyo niliyoifuata mimi! Tarehe 16, Siena, mbio za farasi za Palio. Nyingine hufanyika Julai 2.

Mji una mitaa 17, wanaiita contrada, kila mmoja na bendera yake, kanisa lake na jumba lake la kumbukumbu. Kila mbio wanashindana 10. Mtoto wa mtaa anabatizwa kwenye chemchemi ya mtaa wake, na hapo amemaliza, ni wa mtaa ule mpaka kufa. Usiku wa kuamkia mbio walitandika meza ndefu barabarani, mamia ya watu, nikanunua nafasi nikakaa kati ya fundi mabomba na shangazi yake. Waliimba mpaka sauti zikawakauka.

Siku yenyewe farasi anaingizwa kanisani, padri anambariki na kumwambia aende na arudi mshindi. Nilikuwa nyuma kabisa, kimya kitupu, nikasikia kwato kwenye sakafu. Mimi nimekulia mbio za punda za Lamu, najua mtu anavyompenda mnyama wake, na bado machozi yalinitoka.

Kusimama katikati ya uwanja ni bure, ila unaingia mapema, jua kali, na hutoki mpaka mwisho. Mbio ni mizunguko mitatu bila tandiko, hata dakika mbili hazifiki. Farasi akimwangusha mpandaji akafika wa kwanza, ameshinda.

Bi Mkunazini

Mpishi wa Mbeya, sungura sijamzoea. Hiyo polenta hailiwi kwa samaki?

Mpishi wa Mbeya

Inaliwa, dada. Venice wanapika ya unga mweupe, wanakula na ngisi aliyepikwa kwa wino wake. Mama wa Bergamo ndiye aliyeniambia, na aliongeza kwamba hiyo si polenta. Nataka niende nikaonje mwenyewe.