Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikushika ukiwa kati ya la sita na kidato cha pili?

Mama wa Ujiji: Wakuu, shikamooni na habari za jioni. Binti yangu yuko la saba. Jana nimemkuta anasoma gazeti lililofungiwa maandazi, amekwangua mafuta apate maneno. Nimeumia. Nyie mlianza na kipi?

Mwanareli: Adili na Nduguze. Babu alinisomea kwenye treni, Kigoma mpaka Kaliua. Wale manyani wakichapwa kila usiku, nililia behewa zima likanigeukia.

Kijana wa Kibirizi: Shaaban Robert kwa mtoto wa la saba? Atakimbia. Mpe kile cha mpelelezi Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, hatalala mpaka amjue muuaji. Akikua apewe riwaya za Ben Mtobwa, mzaliwa wa huku huku Kigoma.

Mwanareli: Mimi nilikuwa la tano na sikukimbia.

Binti Urambo: Mmenirudisha mbali. Kidato cha pili niliazimwa Rosa Mistika. Baba alikuwa analima tumbaku, na msimu wa kukausha tulipeana zamu za usiku kuchochea moto kwenye bani, lile banda la kukaushia. Zamu yangu ndiyo nilisomea, mwanga wa tanuri ulitosha. Nimefika pale Zakaria anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, sikusikia baba amesimama nyuma. Akakichukua, akasoma kimya kama kurasa mbili, akakitupa motoni. Hakunigusa. Akakaa kwenye gogo akachochea mwenyewe mpaka kukakucha.

Kitabu cha watu kile. Nilikilipa kwa kufunga majani ya tumbaku kwenye fito kwa jirani, wiki tatu, baba ananiona nikipita. Kilichonitesa zaidi ni kutojua Rosa aliishia wapi. Nimekuja kukimaliza nina watoto wawili, nikalia hadi mume wangu akaamka.

Mzawa wa Nzega: Dah. Pole dada.

Mwalimu Kasulu: Pole, lakini mzee namwelewa. Kile kilitoka 1971 na kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Si cha kidato cha pili.

Mama Sikonge: Mwalimu, wa kidato cha pili ndio wanaoandikiwa hizo barua. Wasome lini, wakishazaa?

Mwalimu Kasulu: Wasome na mtu mzima pembeni, ndicho ninachosema. Huyo wa la saba apewe Watoto wa Mama Ntilie. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa ada na sare, atawatambua.

Mwanareli: Binti Urambo, mzee aliwahi kulizungumzia?

Binti Urambo: Hata siku moja. Ila nilipofaulu kidato cha nne alikwenda Tabora mjini akarudi na kitabu kipya kwenye mfuko wa rambo. Cha hesabu. Ninacho mpaka leo.

Mama wa Ujiji: Mama Ntilie nakichukua, na mimi napika barabarani. Na Bwana Msa. Nani anapanda treni ya kuja Kigoma wiki hii anibebee?