Majirani wa Mtaa wa Reli, Malaba, Uganda

*Jumapili*

18:41 Mama Tina: Majirani, poleni na shughuli. Nani anaweza kuongea na Baba Shamimu? Leo amemtupia Tina ndala kwa sababu ya mpira tu. Mtoto amekuja analia. Mtu alikuwa mpole jamani. Ni pombe, au ni mirungi ya wale wenye malori?

18:44 Deo wa steji: Pombe hapana Mama Tina. Hiyo nakukatalia.

18:45 Mama Tina: Basi ni nini? Ajali ya pikipiki ni miezi saba sasa. Kidonda kilishafunga.

18:46 Mama Shamimu: *Ujumbe huu umefutwa*

18:52 Mama Shamimu: *Ujumbe huu umefutwa*

18:59 Mama Shamimu: Mama Tina nisamehe kwa niaba yake, nitakuja kumwona mtoto. Mlipochanga hela za kumpeleka hospitali Mbale, sikulala njaa hata siku moja, Mungu awalipe. Lakini bandeji ilipotoka kila mtu akasema amepona. Anatembea, anakula, anacheka. Juzi ameniuliza mama yake yuko wapi. Tulimzika mwaka juzi. Nikamwambia, akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Leo asubuhi ameuliza tena. Nimemwambia amekwenda shamba.

19:01 Hajati Zaituni: Ya Allah. Na wewe umekaa na hilo peke yako?

19:02 Mama Tina: Mama Shamimu mwenzangu, sikujua. Wallahi sikujua.

19:06 Mzee Opio: Mimi nasikia huko kisimani wanasema ni majini. Sisemi mimi, nasema wanasema.

19:07 Hajati Zaituni: Mzee, jini gani? Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani siku ile, kichwa kikapiga lami. Jini ni hilo.

19:08 Deo wa steji: 🙈 Hajati umetupiga sote

19:15 Nesi Akoth: Nimetoka kanisani ndiyo naona. Sikilizeni. Ubongo ni laini, na fuvu ni gumu. Kichwa kikipiga chini, ubongo unasukwasukwa mle ndani kama kiini cha yai. Nyuzi zake nyembamba zinanyooka, nyingine zinakatika, na hizo hazionekani kwa bandeji. Sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshika breki ya hasira. Ikiumia, mtu anafoka kabla hajajua anafoka. Halafu kelele: mpira wa watoto ambao wewe huusikii, kwake ni kama kulala ndani ya kinu cha mahindi. Na anachoka. Si uvivu. Ikifika saa saba mchana ameisha, kwa hiyo mambo ya maana mzungumzeni asubuhi.

19:17 Mama Shamimu: Mama, saa saba kabisa. Umejuaje?

19:18 Nesi Akoth: Miaka 26 wodini, mwanangu.

19:21 Deo wa steji: Siku ya kutoka hospitali tulipewa karatasi, arudi baada ya wiki mbili. Basi. Mambo ya hasira na kusahau hakuna aliyetuambia. Sisi vijana wa steji ya bodaboda tulikuwa tumepanga kumrudishia pikipiki mwezi ujao apate hela ya kula.

19:22 Nesi Akoth: Msithubutu!! Aliyeumia kichwa hivyo anaweza kupata kifafa baada ya miezi, hata miaka. Kimkute barabarani na abiria mgongoni? Na pigo la pili juu ya lile la kwanza ni baya zaidi. Mama Shamimu, zile dawa za kifafa anakunywa?

19:24 Mama Shamimu: Anakunywa. Siku mbili zilikatika, hela haikuwepo.

19:26 Nesi Akoth: Zisikatike hata siku moja, bora useme hapa. Akianguka, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni, nawaona nyote mnawaza kijiko. Zikipita dakika tano bado anatikisika, hospitali.

19:30 Deo wa steji: Sasa kazi gani tumpe? Kukaa bure kunamuua kuliko ajali. Jana nimempa pikipiki yangu anisafishie pulagi, hakukosea hata kidogo. Ila jina langu amenipa la marehemu kaka yangu.

19:31 Nesi Akoth: Mikono inakumbuka kuliko kichwa. Hapo hapo Deo. Asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu, pikipiki mbili tatu, pembeni, mbali na honi za malori.

19:40 Mwenyekiti LC1 (wa kijiji): Nimewafuata. Mama Shamimu, kesho twende wote kata ndogo kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kuna diwani anayewakilisha watu wenye ulemavu, naye tumwone. Katika hela za serikali za maendeleo ya parishi, asilimia 10 imewekwa kwa ajili yao. Na kuna ruzuku maalumu ya serikali, ila hiyo inapitia vikundi.

19:42 Mama Shamimu: Mwenyekiti, ulemavu? Ana miguu yote miwili.

19:44 Nesi Akoth: Ulemavu si kiti cha magurudumu peke yake. Mtu anayesahau kuzima jiko amezuiwa na nini? Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inataja na ulemavu wa akili.

19:45 Mama Shamimu: Akisikia neno hilo ataumia.

19:46 Hajati Zaituni: Basi tuseme ni fomu ya parishi. Fomu haina ubaya.

19:58 Rashidi (Uingereza): Shikamooni wazee. Hapa ninapofanya kazi kuna chama kinaitwa Headway, tangu 1979. Wana kadi ya mfukoni yenye picha ya mtu, inasema ameumia ubongo na nini kinamshinda. Polisi akikusimamisha ukadhaniwa mlevi, unaitoa.

20:01 Deo wa steji: Hiyo tuitengeneze! Polisi wa mpakani walishamweka chini mara moja, anaongea polepole wakadhani amelewa.

20:03 Mwenyekiti LC1: Leteni picha. Nitaandika na kugonga muhuri. Bila ile hela ya soda.

20:03 Mama Tina: 😂😂 Kuna shahidi?

20:10 Hajati Zaituni: Sasa zamu. Mama Shamimu siku za soko la Tororo lazima aende, mtaji wake wa vitenge unaoza ndani. Jumanne mimi. Alhamisi nani?

20:11 Mama Tina: Mimi. Watoto nitawapeleka kucheza upande wa kanisa.

20:13 Nesi Akoth: Na daftari likae mezani. Kila kitu kiandikwe humo: dawa, chakula, nani amekuja. Aandike yeye mwenyewe. Akiuliza, msimwambie "si nimekwambia sasa hivi!", mwonyesheni daftari.

20:15 Mama Shamimu: Na la mama yake?

20:19 Nesi Akoth: Hilo usiliandike. Akiuliza, mwambie akusimulie habari zake.

*Alhamisi*

12:34 Mama Tina: Mama Shamimu uko soko? Daftari linasema amekula saa sita, mwandiko wake. Yeye anasema hajala tangu jana na mimi nimemficha chakula. Nimwamini nani?

12:36 Mama Shamimu: Daftari.

12:36 Mama Shamimu: Lakini mpe ndizi moja.