Hivi nani aliwadanganya kwamba ndege za kukwepa rada zinalinganishwa kwa spidi?

Wakuu heshima kwenu. Leo nimekuja na povu, asiyelitaka apite tu.

Jumamosi nilikuwa kijiweni na kahawa yangu, jamaa mmoja akasimamisha simu katikati ya meza tuangalie video. Sauti ya Kiswahili, muziki wa kutisha, alama zinapanda kama matokeo ya uchaguzi. Kasi, Su-57 ya Urusi kashinda. Silaha, Su-57 kashinda. Bei, Su-57 tena. F-22 ya Marekani ikapigwa 7 kwa 4 na meza nzima ikalipuka kama Yanga imefunga dakika ya 90. Wiki mbili kabla, meza hiyohiyo, video nyingine ilikuwa imeipa F-35, nayo ya Marekani, ushindi na watu walewale walishangilia. Hakuna aliyeuliza swali dogo tu: nani anamwona mwenzake kwanza?

Ndege hizi hazikutengenezwa zikimbizane. F-35 mwisho wake ni mara 1.6 ya kasi ya sauti, ndiyo, na F-22 na Su-57 zinagusa mara 2. Lakini kasi hiyo ya mwisho rubani anaipata kwa kumwaga mafuta kwenye moto wa nyuma ya injini. Mafuta yanaisha ukitazama, na mkia unawaka kama tanuri kwa kila mwenye kamera ya kuona joto. Kinachoifanya F-22 iogopwe ni kwamba inavuka kasi ya sauti na kukaa hukohuko bila kuwasha moto huo. Video ilitaja hilo? Wapi.

Halafu kuna hawa wa "haionekani kabisa". Nilibishana nao mpaka nikaishiwa, nikaenda kwenye bodaboda iliyoegeshwa pale nikang'oa kioo cha pembeni kilichokuwa kimelegea. Jua la saa tisa, kali. Nikamwelekezea mwenye simu, akafumba macho. Nikakiinamisha kidogo tu, mwanga ukahamia kwenye ukuta wa duka la dawa. Nikamuuliza, kioo kimepotea? Hakijapotea, nimekishika hapa. Mwanga ndio umeenda kwa mwingine.

Umbo la ndege hizi linafanya hivyohivyo kwa mawimbi ya rada. Kuna rangi maalumu ya kuyanyonya pia, lakini kazi kubwa inafanywa na pembe. Ndiyo maana ile namba moja mnayobandika, eti kwenye rada "F-22 ukubwa wa gololi, Su-57 ukubwa wa mlango", haina maana ukiiacha hivyohivyo. Ukubwa kutoka upande gani? Mbele, ubavuni, au nyuma kwenye matundu ya injini? Kwa rada ya mawimbi mafupi au marefu? Na vipimo vyenyewe ni siri za serikali, nyie mmevipata kwa nani?

Hesabu yenyewe nayo hamuipendi. Ukipunguza mwangwi wa ndege, yaani mawimbi yanayorudi kwenye rada, mara 10, umbali wa kuonwa haupungui mara 10. Rada iliyokuwa inaikamata kwenye kilomita 300 itaikamata kwenye 169 hivi. Ili umbali ushuke mpaka kilomita 30, mwangwi lazima upungue mara 10,000. Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa mabilioni yote yale ni kuchelewa kuonekana, basi. Waserbia walishalionyesha hilo tarehe 27 Machi 1999, walipoiangusha F-117, ndege ya Marekani ya kukwepa rada, kwa S-125, kombora la Kisovieti la enzi za Khrushchev, miaka ya 1960 hivi. Wamarekani walikuwa wamezoea kurudia njia zilezile, na kikosi cha Waserbia chini ya kamanda Zoltán Dani kiliwasha rada yake ya kulengea kwa sekunde chache kisha kikaizima. Ndege ilikuwa ya siri kweli, ratiba yake ndiyo haikuwa siri.

Mashabiki wa Urusi msianze kucheka. Mtu aliyetoa hesabu za jinsi mawimbi yanavyoruka kwenye kingo na pembe ni Mrusi, Pyotr Ufimtsev, alizichapisha mwaka 1962. Kwao hawakuzifanyia kazi, jeshi la anga la Marekani likazitafsiri miaka ya 1970, kampuni ya ndege ya Lockheed wakazitumia na F-117 ikatokea humo. Mlikuwa na mbegu mkononi, jirani akapanda.

Turudi kwenye silaha, maana hapa ndipo mabango yenu ya mitandaoni yanadanganya mchana kweupe. "F-35 inabeba tani 8." Inabeba, ikining'iniza mabomu chini ya mabawa, na ikishayaning'iniza rada inaiona vizuri tu. Ikitaka kujificha inabeba tumboni: makombora 4 ya angani, au mabomu mawili ya kilo 900 na makombora mawili. F-22 tumboni ni 8, J-20 ya China ni 6. Hizo ndizo za kulinganisha.

Na J-20 kwanza muiache kwenye ligi yake. Lile ni dege refu, kama mita 21, lina mafuta mengi na makombora ya masafa marefu. Wachambuzi wengi wanaona imeundwa kwa ajili ya Pasifiki, ikaziwinde ndege za kujaza mafuta na ndege za rada zinazokaa nyuma ya vita. Ukiua ndege ya mafuta, F-35 yenye injini moja inarudije nyumbani? Nyie mnauliza zikikutana ana kwa ana nani atamgeuka mwenzake!

Vitani mna ushahidi gani wenyewe? Windo la kwanza la F-22 angani lilikuwa puto la Wachina, Februari 2023. Puto, wakuu. J-20 haijawahi kupigana na mtu. Su-57, Juni 2024 Ukraine walisema wameipiga moja ikiwa imeegeshwa uwanja wa Akhtubinsk, ndani ya Urusi, kilomita 589 kutoka mstari wa mbele, na ardhini umbo halikusaidii kitu. Urusi iliagiza 76 mwaka 2019, F-22 za kikosini zilitengenezwa 187 kisha kiwanda kikafunga 2011, na sheria ikakataza kuuzwa hata kwa Japani iliyokuwa inaitamani. F-35 zimepita 1,000, lakini Machi 2023 ni kama asilimia 55 tu ya zile za jeshi la Marekani zilizokuwa tayari kwa kazi. Zilizobaki zilikuwa zinasubiri vipuri na mafundi. Hilo nalo lipeni alama.

Kilichonichosha zaidi ni ile picha ya Juni 2025, vita vya Israel na Iran, "F-35 imeangushwa jangwani". Watu wana urefu sawa na magari, mchanga haujavurugika hata kidogo, na bado ilisambazwa na watu wazima. Nilipohoji nikaitwa kibaraka wa mabeberu. Kesho yake nikasema Su-57 ilichekwa bure kwenye maonyesho ya ndege ya Zhuhai, China, 2024 kwa skrubu zake zilizoonekana nje, maana ile ilikuwa ya majaribio, nikaitwa kibaraka wa Putin. Huku kwetu ndege hizi hakuna mwenye hata moja. Uganda wana Su-30, Kenya wana F-5, zote rada inaziona bila miwani, na sisi tunatukaniana mama kwa ajili ya jeti za watu.

Anayetaka kubisha aje, ila aanze na kombora tumboni na pembe ya rada. Bango sitaki.

Na mwenye bodaboda, najua upo humu. Kioo chako kilishakuwa na ufa kabla sijakigusa. Elfu tano sitoi.