Unga wa mbegu za zambarau na sukari ya mama

Kijana wa Nyegezi:
Mwangaluka wakuu. Mama ana kisukari mwaka wa tano sasa, yuko kwenye vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi. Wiki iliyopita shangazi kavuka na kivuko kutoka Ukerewe, kabeba kopo la unga wa mbegu za zambarau. Kijiko cha chai, maji ya vuguvugu, kabla ya kula. Mama akafurahi, vidonge akavifungia kabatini. Siku ya nne nikampima sukari: 17 (mmol/L), iko juu sana. Shangazi anasema dawa "inatoa uchafu kwanza". Mzambarau siuchukii, nimekulia chini yake na shati langu la shule lilikufa na madoa yake. Ila hii imekaaje?

Mvuvi Mstaafu:
Mkuu, kwetu bibi alitumia gamba la shina, tena kwa tumbo la kuhara. Analichemsha mpaka maji yawe kama chai ya rangi, unapewa nusu kikombe. Linakaba mdomo hilo, acha! Ukiwa na vidonda mdomoni unasukutua na kutema. Ya mbegu kwa kisukari ni ya Wahindi, na mti wenyewe asili yake ni huko, ndugu wa mkarafuu. Shangazi msimtukane.

Sista Igoma:
Niko kliniki ya kisukari, wanakuja wengi na makopo hayo. Mbegu zimeshusha sukari kwa panya wa maabara. Brazili walijaribu chai ya majani kwa watu, sukari haikushuka. Mama arudi kwenye vidonge, na kesho umpeleke kliniki na kopo lake walione. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinziasinzia, usingoje kesho. Asichanganye unga na glibenklamidi kimyakimya, maana hiyo peke yake inaweza kuiangusha sukari. Akianza kutoka jasho na kutetemeka, mpe soda yenye sukari hapohapo, kisha mpime. Zambarau zenyewe ale, kiganja kimoja, si sado.

Kijana wa Nyegezi:
Mrejesho: kliniki tumekwenda, vidonge vimerudi, leo asubuhi 9. Mama kakubali kwa sharti shangazi asiambiwe. Kila asubuhi anakoroga kijiko kwenye kikombe kitupu, kwa kelele kabisa, shangazi anaitikia kutoka jikoni: "Unaona?"