Deksa ipigwe marufuku maduka ya mtaani?

Mleta mada: Wadau, deksamethasoni ni dawa ya cheti, lakini kidonge cha 0.5 mg kinauzwa kama pipi. Wanakichanganya na saiproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, wanaita "dawa ya kunenepa". Miezi mitatu baadaye uso duara, sukari juu, presha juu. Wauzaji wanajua na wananyamaza. Ipigwe marufuku au la?

Wa Kaunta: Usitutupie zigo wauzaji sote. Wanaoandika prednisoloni, ndugu yake deksa, "8x1" (vidonge 8 mara moja kwa siku) bila idadi ya siku ni akina nani? Si madaktari? Mgonjwa akiona pumu imetulia, anarudi na kasha tupu mwezi mzima.

Tabibu wa Zahanati: Hujajibu swali, ndugu. Ila hilo la cheti nalikubali, ni uzembe wetu. Pumu ikimbana mtu mzima: 40 mg, yaani vidonge 8 vya 5 mg, mkupuo mmoja asubuhi baada ya kula, siku 5 hadi 7, basi. Hapo hakuna haja ya kushusha dozi. Na msiitukane deksa. Mama mwenye uchungu wa mapema kabla ya wiki 34 hupigwa sindano ya 6 mg kila saa 12, mara 4, mapafu ya kichanga yakomae. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha vifo vya njiti vinapungua. Sharti umri wa mimba ujulikane, mama asiwe na maambukizi, na njiti awe na pa kutunzwa.

Mzee wa Hoja: Tatizo mnalikuza. Deksa inajaza maji tu mwilini. Ukimeza Lasix, dawa ya kukojoza, siku mbili yanatoka. Halafu nusu miligramu ni nini?

Nesi wa Wodi: Mzee, futa hilo la Lasix kabla mtu hajalifuata! Deksa karibu haishiki chumvi kabisa, kwa hiyo si maji. Inachochea njaa na kuhamishia mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku ikila misuli ya mapaja. Lasix inakojoza madini ya potasiamu, na steroidi (kundi la deksa na prednisoloni) nayo inaipunguza. Potasiamu ikishuka, moyo unavuruga mapigo.

Mzee wa Hoja: Sijamwambia mtu ameze, nimesema yanatoka. Mbona unanipandishia sauti? Nusu miligramu hujaijibu.

Nesi wa Wodi: Naijibu. Deksa 0.75 mg ni sawa na prednisoloni 5 mg. Wa kunenepa wanameza vinne kwa siku: 2 mg, kama prednisoloni 13 mg. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya aina hii inayolingana na prednisoloni kama 5 mg kwa siku. Ukiletewa ziada hiyo kila siku, tezi zilizo juu ya figo zinalala.

Mleta mada: Kwa hiyo anayetumia aache leo leo?

Tabibu wa Zahanati: Hapana! Aliyepita wiki 3 asiache ghafla. Tezi zimelala, haziamki siku moja. Anatapika, anaishiwa nguvu, presha na sukari vinaanguka, na akipata malaria au ajali juu yake anaweza kufa. Huyo anahitaji haidrokotisoni (steroidi ya sindano) 100 mg ya mshipa na dripu ya chumvi upesi, kipimo cha damu kisicheleweshe sindano. Asiye na dalili hizo anashushwa dozi hatua kwa hatua, na akifika kiwango ambacho mwili hutengeneza wenyewe anashuka polepole zaidi.

Wa Kaunta: Ndicho kinachonitesa. Ukifunga maduka kesho, hawa wa miezi sita wataachishwa wote kwa siku moja. Mteja akiniomba vidonge 30 nifanyeje?

Tabibu wa Zahanati: Muulize ametumia muda gani na vingapi kwa siku. Kama ni siku chache, asiendelee. Zaidi ya wiki 3, mwandikie dozi yake na tarehe alizoanza, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Akitapika au kuzimia, asisubiri foleni.

Wa Kaunta: Kituo kikiwa mbali na vidonge vimemwishia?

Tabibu wa Zahanati: Mpigie simu mganga wa kituo mbele yake, akuelekeze dozi ya kumfikisha kesho. Ya kesho tu, si vidonge 30.